Mdomo wa Mtumishi

Shemeji yangu, mume wa dada, husafisha picha za kale kwenye jumba la makumbusho. Nyumbani tulimtania kwamba analipwa kuwanawisha nyuso marehemu asiowajua.

Picha iliyommaliza ni ya karne ya kumi na tisa. Tajiri yuko mezani na familia yake. Mkewe kajaza vito hadi shingo haigeuki. Nyuma yao kasimama mtumishi wa kike na sinia. Ukiwatazama wenye meza tu, utadhani mchoraji aliwasujudia. Lakini yule mtumishi alikuwa anacheka. Kona moja ya mdomo ilipanda kidogo, basi, na ukishaiona, tajiri kwisha habari yake: unaona tumbo, unaona watoto wanasinzia, unaona mume na mke hawatazamani. Dada, ambaye ni mhudumu hotelini, alikwenda kumwangalia yule mtumishi kila wateja walipomchosha.

Sasa, katika kazi yao, rangi hukaa chini na vanishi, ule utando unaong'aa wa kuilinda, hukaa juu. Rangi yoyote iliyo juu ya vanishi huhesabiwa ni ya mtu aliyekuja baadaye kuchafua, na huondolewa. Shemeji akaona kile kicheko kiko juu ya vanishi. Akachovya pamba, akapangusa. Chini yake mdomo ulikuwa umenyooka, mtiifu.

Kesho yake akafika pembeni kwenye saini ya mchoraji. Nayo iko juu ya vanishi! Rangi ileile ya kicheko, mkono uleule. Kumbe tajiri aliikagua picha ikiwa imeshapakwa vanishi akaridhika, kisha mchoraji, siku ya kutia saini, akampandisha mtumishi mdomo kimyakimya.

Shemeji alirudi nyumbani kijasho kinamtoka. "Nimemuua," akasema. Dada akashika kichwa akidhani amegonga mtu na gari.

Akatafuta picha ya kamera iliyopigwa zamani, kabla hajaugusa ule mchoro. Humo uso wote wa mtumishi ulitoka kivuli kitupu. Akataka kuurudisha mdomo kwa kumbukumbu, mkono ukagoma. Mwisho akamketisha dada dirishani.

"Mke wangu, hebu nicheke."

"Nikucheke nini?"

"Kama yule. Kama mtu anayenidharau na hataki nijue."

Dada alijaribu, masikini. Alikunja mdomo huku, akaukunja kule, kisha machozi yakamtoka. "Siwezi, baba watoto. Nakuonea huruma."

Niliumia sana siku ile. Nikamwambia twende kwa mkurugenzi akaseme kweli, na nikamsindikiza mwenyewe. Tulimkuta mbele ya picha na wageni waliovaa wakavalia.

"Bosi, nimeiharibu," shemeji akasema. "Nimefuta maana yake yote. Mchoraji alikuwa anawacheka hawa."

Mkurugenzi akainama akatazama. "Anawacheka? Watu wa heshima hawa? Mbona imependeza! Zamani huyu msichana alikuwa na kiburi fulani, nikajua tu ni uchafu."

Wageni wakaitikia. Mama mmoja akamwambia mumewe kwamba nao wachorwe hivyohivyo, na mfanyakazi wao nyuma.

Nilitamani kuwazomea.

"Ipo nyingine ya mchoraji huyuhuyo stoo," mkurugenzi akaendelea, akimpiga bega. "Nayo ina watu wa jikoni wenye nyuso za ajabuajabu. Itakate kama hii. Utaanza kesho."

Nikamkazia macho nikingoja akatae. Akaitia mikono mifukoni.

"Sawa, bosi," akasema.