Kitambaa Chenye Njaa

Miaka ya tisini nilikuwa na cherehani ya miguu kwenye baraza ya nyumba yetu, nje kidogo ya Oyugis, na kiburi cha kutosha mafundi wawili. Vitambaa vya viti vya nusu ya mji nilivitarizi mimi. Mama mkwe wangu peke yake hakuwahi kunipa hata shuka nipinde. Iliniuma, sitaficha.

Kisha baba mkwe akafariki. Mama mkwe, ambaye nilimwita Mama tu, alipomaliza kuomboleza, aliniletea kitambaa cheupe nimshonee kanzu ya kanisa, yenye msalaba mwekundu kifuani. Jumapili angerudi kuketi na wanawake wenzake.

"Nyar Rangwe," alisema, akiniita binti wa nilikozaliwa kama wake wote wanavyoitwa kwetu, "kitambaa ni hiyo tu. Hakuna ingine."

Nikatoa mguu wa mashine unaokandamiza kitambaa, nikateremsha meno yanayokisukuma, nikakibana kwenye fremu ya mbao ili nikisogeze kwa mikono. Kilikuwa chepesi mno. Kila nilipojaza uzi kilivutika, na msalaba ukajikunja kama uso wa mtoto aliyelambishwa shubiri. Nikaufumua kwa wembe, nikarudia; ukajikunja vilevile. Haraka haraka haina baraka, na mimi nilikuwa na haraka ya kusifiwa.

Mama alinikuta nalia. Nilingoja matusi. Akapapasa msalaba kwa kidole, akacheka.

"Hii kitambaa iko na njaa. Ipatie uji."

Akapika uji mwepesi wa unga wa muhogo, akauchuja. Tukachovya kitambaa, tukakianika mbali na mbuzi, maana mbuzi wa kwetu hula uji hata ukiwa nguoni. Nilipokipiga pasi ya makaa kilikakamaa kama karatasi. Nikalegeza uzi wa juu, nikakanyaga pedali polepole, na safari hii sindano ikapita bila kuvuta. Tulipoosha uji, kitambaa kikawa laini tena, na msalaba umelala umenyooka. Nilijiona bingwa.

Jumamosi jioni Mama akaijaribu ile kanzu. Akapitisha vidole juu ya msalaba, akavirudisha, akapitisha tena.

"Mama, haijakupendeza?"

"Imenipendeza. Lakini ile kanzu ya mzee wangu nilishona mwenyewe, kabla nijue hii maneno ya uji. Msalaba yake huku chini ilijikunja. Alivaa tu hivyo miaka yote, hakusema kitu, mpaka tukamzika nayo." Akashika ncha ya chini ya msalaba. "Hii imenyooka sana, nyar Rangwe. Sasa siku nikizikwa nayo, huko atanijuaje?"

Nilitaka kubisha. Kesho yake kanisa zima lingeikagua kazi yangu. Lakini kidole chake hakikutoka pale chini.

Nikamwomba aivue. Nikaketi kwenye cherehani, nikafumua ile ncha ya msalaba, nikaishona upya bila uji.