Kavera ya Kuzalia

Sokoni Rwekubo, mama mmoja mjamzito mbele yangu kwenye foleni alikuwa akinunua udongo wa kula, ule unaochimbwa kando ya ziwa. Kijana mtafiti kutoka Mbarara, anayechimba udongo huo na kuupima, akamzuia kwa mkono.

“Mama, usile. Huu una plastiki, vipande vidogo sana, havionekani.”

Mama akaumega, akautafuna polepole huku akimtazama.

“Ku hospitali banasema nikuje na kavera, ile plastiki ya kutandika kitandani ya kuzalia, bila hiyo habanipokee. Sina nayo bado. Hii yenye nakula itatosha?”

 Muuzaji akamfungia mama udongo wake, ndani ya kavera. Mama akaikunjua, akaipima kwa kiganja, akamwambia muuzaji:

“Ni kadogo, dada.”

Mimi nimezaa wanne juu ya kavera, na zote nilizitupa kule bondeni, kando ya ziwa wanakochimba udongo. Kijana aendelee kuchimba.