Sikio la Baba

Baba yangu ni fundi wa mashine za kukamua alizeti, na tangu nimjue alifanya kazi kwa sikio. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma, mpini akauegemeza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. Wateja waliotuletea magunia yao hapa kijijini Iguguno walijua kwamba hapo hakuna kuongea. Kisha alisema, "Beringi ya nyuma," akafungua palepale, na ugonjwa ulikuwa palepale.

Mimi sikio hilo sikulirithi. Hakuna aliyenikalisha chini akanifundisha ufundi. Nilijifunza kwa kutazama mikono ya baba, na baadaye kwa kutazama video kwenye simu, nikizirudia mpaka mama anauliza kama huyo mtu wa kwenye video hachoki. Nina wasiwasi mwingi, tena wa kuzaliwa nao. Nikiweka bisibisi sikioni nasikia kila kasoro iliyopo duniani. Wakati mwingine nasikia mapigo ya moyo wangu mwenyewe nikadhani ni beringi. Kwa hiyo nilianza kuishika mashine. Naweka kiganja kwenye kifuniko chake, mbali na mkanda unaozunguka, nakihamisha taratibu kama mtu anayetafuta swichi gizani. Joto nalipima kwa mgongo wa mkono. Mtetemo naupokea kwa ncha za vidole. Kiganja hakinitishi kama sikio.

Baba alinicheka. "Unampima homa huyo?" alisema. Na kwa kuwa nikimaliza kufunga nafungua tena kuhakikisha, wateja nao walipata la kusema. Mama mmoja aliyechoka kusubiri mafuta yake aliniuliza, "Fundi, hiyo mashine unaitengeneza au unaiposa?" Baba alicheka hadi akakaa chini.

Baba aliondoka nyumbani akikaribia miaka hamsini. Mashine zimekuwa nyingi hapa kwetu, mafundi nao wameongezeka, na alizeti ina msimu. Ikiisha, fundi anakaa kama jembe la kiangazi. Mzee mwenye duka la vipuri mjini Singida, ambaye familia yake iko hapo tangu enzi za babu yake na ambaye baba amenunua kwake beringi maisha yake yote, alimwambia kuna kiwanda Zambia cha watu anaowafahamu. Wanatafuta fundi mzoefu. Watamjaribu kwanza, wakimridhia watamwajiri.

Hakuaga kwa maneno mengi. Aliniachia mashine na spana zote. Bisibisi ndefu aliifunga kwenye fulana, akaenda nayo.

Wiki za mwanzo alipopiga simu alizungumza na mama kuhusu mvua na bei ya unga. Mimi alinisalimia tu. Kisha siku moja, wakati wa chakula cha mchana, akanipigia mimi. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, mama." Baba huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Halafu akahamia Kinyiramba, lugha anayotumia akiwa amechoka au ameona haya.

Alinieleza kwamba kule kiwandani hakuna anayeingia penye mashine bila kuvaa vifuniko vya masikio. Ni sheria, kwa sababu mashine ni kubwa na zimepangwa mstari mzima, zinaunguruma kwa pamoja. Yeye aliingia, akavua vyake, akatoa bisibisi. Msimamizi, kijana ambaye baba alisema angeweza kuwa mkwe wake, alimtoa nje mbele ya watu. Aliporudi akiwa ameziba masikio aliitazama mashine, akasema ni nzima. Kesho yake ikakwama, magunia yakarundikana hadi mlangoni. Tangu hapo wamempa kazi ya kubeba mashudu, makapi ya alizeti iliyokwisha kukamuliwa. Mwisho wa mwezi watampima mara ya mwisho, na asipoweza atafungasha.

"Nimekuwa kiziwi huku," alisema.

Kisha akaniomba niwashe mashine yetu na niweke simu karibu nayo. Nilikuwa na nusu gunia la mteja, nikawasha. Alisikiliza kwa muda mrefu. Nilipoirudisha simu sikioni sauti yake ilikuwa ya zamani, ile ya karakana.

"Ya nyuma inataka grisi."

Nilijua. Asubuhi ile mgongo wa mkono wangu ulikuwa umeshaniambia. Na hapo ndipo lilipokuja wazo ambalo sasa naliandika nikiwa naona aibu: kwamba nikinyamaza, nisimwambie habari ya mkono, baba atarudi. Atarudi kabla alizeti haijaanza kuinamisha vichwa. Atakaa kwenye kigoda chake, atanicheka, na mimi sitakuwa tena mtu wa mwisho kuulizwa mashine inapokwama. Nilimtaka arudi kiasi kwamba nilitaka ashindwe. Sijui kama kuna mtoto mwingine amewahi kumwombea mzazi wake jambo kama hilo, hata kwa pumzi moja tu.

Lakini nilikuwa nimeisikia ile sauti ya karakana, nikafikiria jinsi ilivyokuwa dakika chache kabla. Mtu huyo angerudi nyumbani akiwa kiziwi kweli.

"Baba," nilisema, "weka mkono."

"Nipime homa?"

"Pima homa."

Alicheka kidogo, kisha akaacha, akaniambia nieleze. Nilieleza kama ninavyofanya kila kitu, kwa kurudia na kujisahihisha. Nilimwambia asianze na mashine yenye ugonjwa. Azishike kwanza zile nzima, kila siku anapopita na magunia ya mashudu, mpaka mkono uzoee uzima ukoje. Joto kwa mgongo wa mkono, mtetemo kwa vidole. Alipinga kwamba viganja vyake vimeota sugu. Nikamwambia atumie sehemu ya ndani ya kifundo cha mkono, pale ngozi ni laini. Siku zilizofuata alipiga mara kwa mara na maswali: mtetemo wa mkanda uliolegea unatofautianaje na wa beringi inayokufa, joto la kawaida linaishia wapi. Maisha yangu yote nilikuwa nasubiri baba aniulize kitu cha ufundi. Sikutegemea kwamba kingeuma.

Habari ilifika kwa mama, kwa ujumbe wa sauti. Baba alisema walimpeleka kwenye mashine tatu, akazishika zote masikio yakiwa yamezibwa, akaionyesha ile iliyokuwa na kasoro. Msimamizi hakuamini, wakaifungua. Sasa ana ovaroli yenye jina la kiwanda, na mkataba.

Mama alikuwa anapepeta mtama. "Amepata," alisema, akaendelea kupepeta. Baada ya muda aliingia karakanani, akakichukua kigoda cha baba, akakipangusa vumbi na kukiweka ndani ya nyumba. Nilirudi kwenye kazi, nikafungua beringi ambayo haikuwa na tatizo lolote, nikaifunga tena.

Amepata kazi ya ufundi, katika nchi ya watu, katika umri ambao wenzake wanaambiwa wamechelewa. Ninajivunia hilo. Na kila nikiweka mkono juu ya mashine najua kwamba kilichomshikilia kule ni mkono huu.

Jumapili baada ya kanisa yeye huwa na mapumziko, nasi hatukamui. Hapo hupiga simu. Huongea na mama, kisha huomba nimpeleke karakanani. Mashine ya alizeti haifai kuzungushwa tupu, chuma kinakula chuma, kwa hiyo naweka debe la alizeti pembeni kwa ajili ya Jumapili. Naimimina, nawasha, naweka simu juu ya boksi karibu na beringi ya nyuma, na mkono wangu naulaza juu ya kifuniko. Jumapili iliyopita alisikiliza mpaka debe likakaribia kuisha.

"Haina kitu," alisema.

"Ndiyo, baba. Haina kitu."

Nikanyoosha mkono kwenye swichi.

"Usizime kwanza," alisema.