Kona za Shuka

Mdogo wetu wa mwisho alipopata diplome ya kumaliza sekondari, tulimmwagia unga kichwani, kama kawaida ya huku kwa anayefaulu. Kisha yeye na dada yake wakanipa zawadi mimi: siku mbili katika hoteli ndogo kando ya ziwa, hapa hapa Goma, vyumba vitano tu, inayoendeshwa na mama mmoja na binti yake.

"Yaya, sharti ni moja," dada yetu alisema; ndivyo wanavyoniita mimi mkubwa wao. "Usiguse kazi yoyote. Kesho saa sita tunakuja kukuangalia."

Nikaahidi. Tangu wazazi wetu wafariki, nami nikaacha shule ili niwalee, sijawahi kuwaahidi kitu nikashindwa. Kukaa tu kuna ugumu gani?

Asubuhi niliamka mikono ikiniwasha. Nikatandika kitanda. Halafu nikaona vumbi chini ya meza. Saa mbili ilinikuta nimepangusa sakafu na kusugua bafu kwa soksi yangu moja. Nikabeba mfuko wangu, maana mfuko wangu siuachi popote, nikaenda kukaa juu ya mawe meusi ya ziwani, nikijisifu kwa kupumzika.

Niliporudi, kitandani mwangu alikuwa amelala muzee mmoja na kofia yake kichwani.

"Mama, kuna mutu ku chumba yangu!"

Mama wa hoteli alitoka jikoni, mikono inanuka sambaza, visamaki vya ziwani. "Yako? Si ulishaenda? Mufuko hakuna, kitanda safi, bafu inang'aa! Nikasema leo binti yangu amefanya kazi bila kutukanwa. Nimemupatia mpaka chai ya maziwa!"

Binti alisimama mlangoni na kikombe chake, akinitazama kwa macho ya kuomba. Nami nilikuwa na yangu ya kuomba. Nikisema ukweli, ahadi imekufa. Nikinyamaza, sina kitanda.

Nilikuwa bado nimesimama na mfuko wangu walipofika wadogo zangu.

"Yaya, umepumzika? Tuonyeshe chumba!"

"Kiko na mugeni," nikasema.

Dada alichungulia. Muzee akafungua jicho moja. "Mutoto wangu, hii kitanda ni kama ya askofu," akasema, akalala tena. Lakini dada alikuwa anatazama kona za shuka, zilizokunjwa mara mbili na kubanwa chini ya godoro, jinsi nilivyomtandikia tangu utoto wake.

"Yaya."

"Nilianza na kona moja tu."

"Na bafu?" akauliza mdogo wetu. Nikaurudisha nyuma mguu usio na soksi.

Mama wa hoteli alicheka mpaka akakaa chini. Akampokonya binti kile kikombe, akanipa mimi, pamoja na chumba kingine ambacho kilikuwa bado hakijatandikwa. Dada akaweka kiti mlangoni.

"Kaa hapo. Siku yako inaanza upya."

Yeye na yule binti wakatandika. Kona zilining'inia kama masikio ya mbuzi. Wakageuka wote wawili kunitazama.

Nilishika kikombe kwa mikono yote miwili. "Nzuri sana," nikasema, na sikuinuka.