Kiini Kipya Kabla ya Matangazo ya Vifo

Ugonjwa wangu ni mmoja: nikiona kompyuta inaomba kusasishwa, siwezi kuiacha. Asubuhi ile, kwenye redio yetu ndogo hapa Songea ambako mimi ndiye fundi, nilibonyeza andazi likiwa bado mkononi. Ikapakua kiini kipya cha mfumo wake, ile sehemu ya chini kabisa inayozungumza na vifaa kwa niaba ya programu zote. Ikazima, ikawaka, na tukawa bubu hewani.

Programu inayoendesha kifaa chetu cha kuchanganyia sauti iliandikwa kwa kiini cha zamani. Sogeza mafiga, uone kama chungu kitakaa.

Pale mapokezi alikuwepo mzee wa Ruhuwiko, karatasi mkononi. Mama yake alifariki alfajiri, mazishi kesho saa nane. Dada wa marehemu anaishi kijiji cha ndani, mbele ya Namtumbo, simu haishiki. Ila matangazo ya vifo ya saa saba hayampiti.

"Shikamoo baba," nikamwambia. "Nisubiri kidogo."

"Marahaba, mwanangu. Mimi nasubiri. Mama mkubwa ndiye hajui kama anasubiriwa."

Saa saba ikapita. Nilichomoa nyaya, nikazichomeka, nikamgombeza mtangazaji asiye na kosa. Ndipo nikakumbuka, kwa aibu, kwamba mfumo wetu hautupi kiini cha zamani, unakiweka pembeni. Nikawasha upya, nikakichagua kwenye orodha, taa za kifaa zikarudi. Usiache mbachao kwa msala upitao: naisema methali hiyo tangu shule ya msingi, sijaitii hata siku moja. Mtangazaji akasoma karatasi ya mzee, habari zimfikie kwanza dada wa marehemu. Nilikaa sakafuni, nikacheka peke yangu.

Kesho yake nilikwenda msibani. Mama mkubwa alishafika kwa lori la mahindi, yuko mkekani na wenzake, redio yake ndogo kaifunga kwenye khanga. Mzee akamwambia mimi ni fundi wa redio.

"Jana mlikawia," akasema. "Nilishanyoosha mkono nizime, betri zisiishe."

"Kwa nini hukuzima, mama?"

"Hamjawahi kuacha kusoma vifo. Nikajua kuna mtu anahangaika huko."

Nikamshika mkono, nikampa pole. Sikumwambia kuwa aliyehangaika ndiye aliyeharibu.