Jicho la Shemeji Kabla ya Mechi

Ashukuriwe Mungu aliyesema nuru iwe, na ambaye hajachoka kulisema neno hilo hata kwa sisi wazee.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anaishi Rukanga, chini ya mlima Kasigau. Mimi ninaishi Voi. Sote wawili ni wazee wa kanisa na katika mambo ya imani hatujapata kugombana. Kinachotutenganisha ni mpira. Yeye ni wa timu ya buluu, mimi ni wa kijani, na kila timu hizo mbili za Nairobi zinapokutana, yeye huja kwangu kutazama.

Kisha mtoto wa jicho akamfunika macho yote mawili. Akaendelea kuja vilevile. Alikaa kwenye kochi, uso ameuelekeza kwenye televisheni asiyoiona, nami nikimtangazia. Nilitangaza kwa haki. Hata hivyo, kila kijani walipofunga alisema, "Alikuwa ameotea. Unanificha."

Mwaka huu alipata nafasi ya kupasuliwa jicho la kulia hapa Voi, siku tatu kabla ya mechi. Daktari alimweleza kwamba asibebe kitu kizito wala asiiname.

"Na kushangilia je?" akauliza.

"Shangilia polepole, mzee."

"Basi hana shida," nikasema. "Timu yake haitampa sababu."

Bandeji ilipotolewa kesho yake, aliona ukungu mtupu. Daktari alisema jicho likipewa muda litatulia, lakini shemeji alirudi nyumbani kwangu bila hata kuitaja mechi. Jioni hiyo alikula kimanga, ule mseto wetu wa mihogo na maharagwe, kidogo tu, naye ndugu yangu huyo si mtu wa kula kimanga kidogo. Mke wangu akamwomba aombe.

"Ee Baba," akaanza, "ukipenda, nionyeshe hata robo saa tu ya hiyo mechi. Na uwakumbuke buluu, maana adui yao amekaa meza moja nami."

"Hiyo si sala, ni uchokozi," nikamwambia.

"Ameni!" mke wangu akasema kwa sauti. "Chai inapoa."

Nilicheka, lakini usiku niliomba mara mbili. Mara zote mbili niliombea jicho. Timu yangu niliisahau kabisa, na kwa mtu anayenijua, hilo si jambo dogo.

Jumapili tulitoka kanisani mapema. Mke wangu alikuwa amevaa kitenge cha kijani na kilemba cha buluu, kama afanyavyo kila mwaka ili nyumba ikalike. Tulipokuwa tukiingia sebuleni, shemeji alisimama mlangoni, akanikodolea jicho moja kwa muda mrefu.

"Ala! Shemeji, mvi zote hizi umezitoa wapi?"

"Kwa kukutangazia mechi."

Mke wangu aliweka sinia chini, akakaa, akaufunika uso wake kwa kile kilemba. Sisi wawili tulijifanya hatumwoni. Shemeji akaketi mahali pake pa siku zote, akavuta kochi mbele kidogo, kisha akalirudisha nyuma. Timu zikaingia uwanjani.

"Kipa wenu soksi imeteremka," akasema. "Mtu mzima!"

Ilikuwa kweli. Mimi sikuwa nimeiona.

Refa akapuliza kipenga, nami kwa mazoea nikaanza: "Haya, buluu wameanza, mpira unakwenda kushoto, yule mrefu anautuliza—"

"Shemeji," akasema, bila kugeuka, "nyamaza basi. Ninaona."

Nikanyamaza. Sijawahi kunyamazishwa nikafurahi namna ile.

Wewe unayesoma, Bwana akulindie macho yako, na akupe mpinzani wa kuketi naye kochi moja hadi uzeeni. Amina.