Kikombe Nilichomjazia Mfaransa

Nakumbuka alasiri moja hapa Ibra, huku Uarabuni, mwanangu, nilipomfukuza mgeni bila kufungua mdomo.

Nilikuwa kijana, tumetoka Unguja karibuni, na Kiarabu changu kikichekwa. Sheikh aliyenisomesha, ambaye naye aliwahi kuishi Unguja, alinipa heshima: macho yake yalikuwa dhaifu, basi nikimsomea vitabu, nimekaa mkekani kuumeni kwake. Mahali pale nilipapenda kuliko elimu yenyewe. Mola anisamehe.

Akaja Mfaransa, mwandishi wa mambo ya dini. Kwao vitabu vyake vilizua ugomvi: makasisi wakimwita mpotovu, wasioamini wakimcheka kwa kusali. Alitaka kumuuliza Sheikh habari za subira. Sheikh akamkalisha kuumeni kwake, wiki nzima, akacheka naye ambavyo hajapata kucheka nami. Hasidi hana sababu. Sikuwa nimesoma hata ukurasa wake mmoja, lakini nilizunguka sokoni nikisema, "Kwao wamemkataa, sisi tunamtakia nini?"

Alasiri ile zamu ya kumimina kahawa ilikuwa yangu. Ada yetu waijua: mgeni humiminiwa kidogo, kisha akaongezwa. Ukimjazia hadi ukingoni, umemwambia anywe aondoke. Nilimjazia. Nilidhani hajui, na wanaojua watacheka chini chini.

Alijua. Alikunywa taratibu mpaka tone la mwisho, akatikisa kikombe kuonyesha ametosheka, akamshukuru Sheikh, akaaga.

Sheikh akanigeukia, akasema kwa Kiswahili ili wengine wasielewe: "Saidi, macho yangu mabovu, masikio mazima. Kahawa ile imemiminika muda mrefu."

"Nimemjazia, Sheikh."

"Kitabu chake umekisoma?"

"Sijakisoma."

"Basi si dini iliyokuuma. Ni mkeka tu. Mfuate."

Asubuhi nikaenda mji wa Nizwa, alikoelekea alipotuaga. Nikaambiwa ameshasafiri. Mpaka leo sijapata kumwomba radhi.

Baadaye nilikisoma kitabu chake kwa Kiarabu. Mengi siyakubali, na hoja zangu ninazo. Lakini mlango wa kitabu hicho unaozungumzia subira ulinishika mkono nilipomzika mama yenu.

Mwanangu, mwenzio akikalishwa ulipozoea kukaa wewe, usikimbilie kuipima imani yake. Upime kwanza moyo wako, kwani wivu hupenda kuvaa kilemba cha dini. Ukiona amekosea, msome, kisha mjibu kwa adabu.

Allah akukunjulie kifua, awape wenzio zaidi ya anachokupa wewe, na akujaalie ufurahie walichopewa.